Injini ya Land Rover ya urithi ipimwe kabla ya kununua spea

Ndugu Mhariri,

Land Rover ya marehemu mzee ikishavutwa hadi gereji hapa Dar es Salaam, ushauri huwa mmoja kati ya miwili: ng'oa injini upachike ya Toyota, au piga ovahoo, yaani fungua injini nzima uitengeneze upya, kwa ringi (pete za pistoni), metali (beringi laini za krenki) na gasketi mpya. Yote hayo husemwa kabla hata boliti moja haijalegezwa. Naupinga hasa huo wa pili, kwa kuwa ndio unaomaliza fedha za warithi. Ringi mpya ndani ya silinda iliyolika hazizibi kitu, na metali mpya kwenye krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) yenye mikwaruzo hazitaifikisha gari Chalinze.

Nazungumzia Series III ya petroli, injini ya lita 2.25, ambayo bloku (mwili wenye silinda) na hedi (kichwa cha juu chenye valvu) vyote ni chuma cha kalibu. Ni injini mvumilivu, lakini haivumilii kukisia.

Iliyokaa miaka bila kuwashwa isiburutwe ikiwa kwenye gia ili "iamke". Ringi zilizoshikwa na kutu huvunjika hapo. Toa plagi nne, mimina kila silinda vijiko viwili vya dizeli iliyochanganywa na oili ya gia otomatiki, iache siku kadhaa, kisha izungushe kwa hendeli. Ikigoma, ongeza siku, usiongeze nguvu.

Ikizunguka, pima mgandamizo. Silinda iliyo chini kuliko wenzake itie kijiko cha oili upime tena. Kipimo kikipanda, tatizo ni ringi au silinda; kisipopanda, tafuta kwenye valvu au gasketi ya hedi. Wakati mwingine kazi yote huishia kwenye hedi, na hilo fundi anayelipwa kwa wingi wa spea hana haraka ya kulisema.

Ikilazimu kufungua chini, kila kifuniko cha meni (beringi kuu zinazobeba krenki) na cha kon-rodi (mkono unaounga pistoni na krenki) kipigwe namba na upande wake. Vifuniko hivyo vilichongwa vikiwa vimefungwa mahali pake. Ukivibadilishana, krenki itabana.

Kipenyo cha silinda asilia ni milimita 90.47. Hupimwa juu, katikati na chini, na kila mahali mara mbili: kwa kufuata urefu wa krenki na kwa kuukingama, maana pistoni hula zaidi pembeni, hasa pale juu ringi zinapogeukia. Pistoni za kuongezea, yaani zinazozidi zile asilia, huja kwa inchi 0.010, 0.020, 0.030 na 0.040. Tafuta pistoni kwanza, uzipeleke pamoja na bloku kwa mchongaji azipime moja moja. Anayechonga kwanza halafu ndipo aingie maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani kutafuta, akikosa saizi hiyo hana pa kurudi isipokuwa kuchonga tena. Kila ringi isukumwe ndani ya silinda yake na mwanya wa ncha upimwe kwa fila geji (vibati vya kupimia mianya): milimita 0.38 hadi 0.50. Ukiwa mdogo mno, ncha hugongana injini ikipata moto, na ringi hukwaruza silinda uliyoilipia juzi.

Kwa krenki, jua kwanza kama ni ya meni tatu au tano. Land Rover ilihama kutoka tatu kwenda tano mwaka 1980, na seti za metali hazibadilishani. Krenki ikitoka kusagwa, unga wa jiwe hubaki ndani ya matundu ya oili, nao ndio unaoua injini nyingi "mpya". Matundu yote, ya krenki na ya bloku, yapitishwe brashi ndefu yenye mafuta ya taa, yapulizwe kwa kompresa, yarudiwe hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe. Ikishafungwa, mchezo wa krenki kwenda mbele na nyuma uwe milimita 0.05 hadi 0.15.

Kauli kwamba "Land Rover lazima ivuje oili" mara nyingi ni kisingizio cha sili (kizuia oili) ya nyuma ya krenki iliyofungwa ovyo. Vile vipande viwili vya pembeni mwa kifuniko cha meni ya nyuma havisukumwi kavu. Hupakwa silikoni, na ncha zake huachwa zichomoze kidogo juu ya uso wa kifuniko.

Maji ya visima vya chumvi, ambayo mitaa mingi ya jiji hili inayategemea, yasiingie kwenye rejeta. Hutoboa vizibo vya bloku kwa ndani. Thamostati nayo isitupwe eti kuna joto na foleni: bila hiyo, sehemu ya maji hupita njia ya mkato hadi kwenye pampu bila kupoa.

Boliti kubwa za hedi zikazwe kwa tokirenchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), kwa awamu, kuanzia katikati kwenda nje, hadi pauni-futi 65. Tapeti zote, yaani mianya ya valvu, ni milimita 0.25, na kanuni yake ni jumla ya tisa: valvu ya 8 ikiwa wazi kabisa, rekebisha ya 1, ya 7 ikiwa wazi, rekebisha ya 2.

Kabla ya kuwasha, zungusha kwa stata bila plagi hadi taa ya oili izime. Injini ikiwaka, isiachwe ikiunguruma polepole (sailensa) gari limesimama nusu siku. Silinda hung'aa na ringi hazikai. Itoke barabarani, mwendo ukipanda na kushuka bila kukamiwa, kisha hedi na tapeti vikaguliwe upya na oili ibadilishwe mapema.

Ombi langu kwa wenye gereji ni karatasi moja: vipimo vya silinda nne, meni na kon-rodi, aandikiwe mteja kabla hajatoa fedha ya spea. Na kwa warithi walioamua kupachika injini ya Toyota, kumbukeni namba ya injini imo kwenye kadi ya gari. Msimamizi wa mirathi aende Mamlaka ya Mapato (TRA) kuibadilisha kabla gari halijapata mnunuzi.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam