Salamu za Krismasi kutoka majaruba ya Nueva Ecija

Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu wa Ifakara, shikamooni. Kaka, dada, mawifi, mashemeji na wanajumuiya wote, nawasalimu kwa jina la Bwana. Wajukuu zenu nao wanaleta shikamoo, na mapaji yao ya uso juu ya mikono yenu, kama wanavyoamkia huku. Natumaini salamu hizi zitawakuta wazima wa afya. Sisi huku Nueva Ecija, mkoa wa mpunga wa Ufilipino, hatujambo, siku zinasukumwa.

Nimechelewa, najua. Huku Krismasi huanza Septemba, nyimbo zinapigwa redioni mpunga ungali shambani, nami huwa nawaandikia mapema. Mwaka huu Septemba ilitukuta matangani. Mama mkwe alituacha Agosti, mpunga ukiwa na mimba.

Majirani walikuja na rambirambi kwenye bahasha, sawa na kwetu, ila bili ya hospitali na jeneza havikusubiri bahasha. Mume wangu akaenda kwa dalali, akachukua fedha kwa ahadi ya mavuno. Hadithi hiyo mnaijua mwisho wake. Tulipovuna, bei ilikuwa imeporomoka. Ushuru wa mchele wa nje ulishushwa mwaka jana kutoka asilimia 35 hadi 15, mchele wa Vietnam ukaingia kwa wingi, na Rais alipokuja kusimamisha uagizaji kuanzia Septemba mosi, sisi tulishakaliwa kooni. Dalali alitupimia mpunga mbichi kwa peso 11 kilo. Dukani, mchele ni peso 40 na ushee. Hapo katikati sijui nani anakula, lakini mkulima siyo.

Magunia machache yaliyobaki tuliyaanika barabarani. Mpunga unalala upande mmoja wa lami, magari yanapita upande wa pili, nawe unaugeuza kwa miguu mitupu, unakokota nyayo mstari kwa mstari hadi visigino viwake moto. Ndiyo kwanza nilikuwa nimezisikia sauti zenu, baada ya zile siku za mwisho wa Oktoba intaneti ilipozimwa huko nyumbani na mimi nikawa silali. Novemba 9 kimbunga Uwan kikapiga Aurora, jirani zetu. Milima ya Sierra Madre ilitukingia makali ya upepo, lakini mvua haikuizuia. Mpunga tuliuzoa usiku kwa ndoo. Sehemu ukaota ndani ya magunia, ukapelekewa bata.

Mwezi uliopita waziri wa biashara akasema peso 500 zinatosha kuandaa meza ya Noche Buena, mlo wa familia wa usiku wa mkesha wa Krismasi. Hapa kijijini watu walicheka kwanza, ndipo wakakasirika.

Siku nilipofika kwenye nyumba hii kama mke, nimetoka Dubai na begi moja na Kitagalogi cha kuokoteza, mama mkwe alinishika mkono akanipeleka uani. Akaniwekea kiganjani punje zenye maganda: palay. Akaonyesha zilizokobolewa: bigas. Akafunua sufuria: kanin. Nikamjibu kwa kwetu: mpunga, mchele, wali. Akarudia taratibu, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, basi hukuolewa mbali.

Misa za alfajiri za Simbang Gabi tumezianza tarehe 16, saa kumi. Miaka yote yeye aliamka saa nane kuoka bibingka kwenye jani la mgomba, makaa chini, makaa juu, kama mkate wetu wa kumimina. Mwaka huu nilijaribu mimi. Juu ikaungua, ndani mbichi. Mume wangu aliila yote, hakusema neno, akatoka nje kuangalia nyota ya karatasi, pambo letu la Krismasi, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Ndugu zangu, msikope kwa mazao yaliyo shambani. Na kama ndugu anakopa kwa sababu ana maiti ndani, hilo si kosa lake, ni letu tulioleta pole tukaacha pochi nyumbani. Vijana, acheni kubeti. Huku pia watu wamemalizwa na simu zao wenyewe. Nanyi mnaoshika fedha za watu, hata kama ni za jumuiya tu, ogopeni. Nchi hii ina hasira mwaka huu, fedha za kuzuia mafuriko zimeliwa kwenye miradi hewa, na Septemba 21 watu walijaa barabarani Manila. Anayekula fedha ya tuta amekula mpunga wa mjane, na Mtoto anayezaliwa wiki hii horini anamwona. Wenye wazazi, msiwatumie picha za mishumaa mkadhani mmewasalimu. Pigeni simu. Nendeni mkakae nao, mle nao wali, msikilize hadithi ileile mara ya kumi...

Haya, nimeshapanda mimbarini. Mtanisamehe, hayupo wa kunivuta kanga.

Nawatakia nyote Krismasi njema na heri ya mwaka mpya 2026. Bwana awajalie afya, amani na baraka tele, mvua za kiasi Kilombero, na wagonjwa wetu awainue. Mama yangu mzazi, nitapiga keshokutwa baada ya misa, kwenu itakuwa bado usiku, simu usiizime.

Naishia hapa, nikaloweke mchele wa kesho. Safari hii makaa ya juu nitapunguza.