Kwa fundi Athmani, Lamu

Mji wa Kale, Mombasa

Ndugu yangu Athmani,

Salamu sana, na wasalimie wote hapo Shela. Mkeka umefika salama, mama haachi kuusifu.

Uliniuliza kwenye simu ni kitu gani nilichokiona Ureno hata nikasema laiti ungekuwapo. Ni kuta, fundi. Meli ilipofunga gati Leixões niliomba ruhusa, nikapanda treni kutoka Porto hadi Pinhão, katika bonde la mto Douro linalolimwa zabibu za mvinyo. Mvinyo wenyewe sikuuonja, wanijua. Lakini milima ile! Imekatwa ngazi ngazi kutoka mtoni hadi juu, na kila ngazi imezuiwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa kwa mkono, bila chokaa wala simiti. Niliupapasa mmoja: mawe membamba ya shisti, yamelaliana tabaka kwa tabaka, ya moto kwa jua. Udongo ni haba, kwa hiyo waliuvunja mwamba. Vipande vikubwa vikawa ukuta, vidogo vikawa shamba, na mzabibu hupenyeza mizizi kwenye nyufa kutafuta maji. Wajenzi wengi walikuwa vibarua kutoka Galicia, Uhispania. Kwenye chupa utasoma majina ya wafanyabiashara, mengi ya Kiingereza. Ndiyo dunia.

Watu walipozidi kughushi mvinyo, Marquês de Pombal, waziri wa mfalme wa Ureno, aliamuru mwaka 1756 bonde liwekewe mipaka, zikasimikwa nguzo za mawe.

Na huo mto, kabla ya mabwawa kuutuliza, ulikuwa na maporomoko ya kuua. Mapipa yalishushwa hadi Vila Nova de Gaia, ng'ambo ya Porto, kwa mashua bapa zenye tanga la mraba na kasia refu la usukani. Mwingereza Forrester, aliyeuchora mto huo kwenye ramani, alizama humo humo mwaka 1861. Husemwa alivutwa chini na mkanda wake wa pesa, ilhali Dona Antónia Ferreira, tajiri wa mashamba, aliokolewa na sketi zake pana zilizoelea. Mimi sisadiki sana, ila hadithi ni tamu.

Miaka hiyo hiyo ya 1860 wadudu waliingia wakaiua mizabibu. Ngazi nyingine hazikupandwa tena. Kuta zipo hadi leo, hazizuii kitu.

Picha ninazo kwenye simu. Ukija Mombasa twende Ngomeni, Fort Jesus, maana wale wale Wareno ndio walioanza kuijenga mwaka 1593, kisha unieleze mawe ya pembeni kule Douro yameshikanaje bila chokaa. Nimeyatazama hadi macho yakaniuma, sijaelewa.

Wako,
Salim