Kwa Asha, Kuhusu Kitabu cha Mwisho

Unguja Mjini

Shoga yangu Asha,

Assalamu alaykum. Barua yako nimeipata kwa yule kijana aliyekuja na boti ya Mkoani. Sote hatujambo, na bibi anakusalimu sana.

Umeniandikia kwamba Goliath, kitabu cha mwisho kati ya vile vitatu, kimekuudhi, na kwamba Scott Westerfeld kauharibu mwisho wa hadithi pale Alek, yule mwanamfalme wa Austria, alipomzuia mvumbuzi Tesla asiufyatue mtambo wake wa kuteketeza miji. Wasema mtambo ule ungepiga mara moja tu, vita vya 1914 vingekwisha, na roho nyingi zingesalimika. Sikubaliani nawe hata kidogo, shoga.

Hebu rudi kule Siberia, msitu mzima umelala chini na Tesla anadai ni kazi ya mtambo wake. Alek anamwamini. Wazazi wake wameuawa, vita vimewaka kwa ajili ya kifo chao, na yeye anatafuta kwa kila hali namna ya kuvizima. Mwandishi angeweza kumfanya Tesla shetani tu, tukamchukia tukamaliza. Hakufanya hivyo. Tesla naye anataka amani, ila amani yake njia yake ni kuuteketeza mji na watu waliomo.

Amani ya namna hiyo sisi tumeionja. Agosti 27, 1896, saa tatu asubuhi, manowari za Waingereza ziliipiga mizinga kasri ya Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekuwa amejitwalia usultani, hapa pwani. Haikutimia hata saa moja, mambo yakawa yamekwisha. Wanaviita vita vifupi kuliko vyote duniani, kama kwamba ufupi ni sifa! Watu wapatao 500 wa upande wetu waliuawa au kujeruhiwa. Beit al-Hukm, moja ya majumba ya kasri, ikabomoka. Glasgow, meli ya moshi aliyoiagiza Sayyid Barghash, babake Khalid, ikazamishwa bandarini. (Na mtu aseme tena kwamba hadithi za mvuke na mitambo si zetu.) Aliyefiwa asubuhi ile, dakika zile chache zilimfaa nini? Ndiyo maana Alek alipoukataa mtambo nilimuunga mkono kwa moyo wote, ingawa alijua vita vitaendelea.

Na Deryn je? Hujamtaja hata kwa mstari mmoja! Msichana aliyejivika uvulana ili aruke angani, na katika kitabu hiki ndipo Alek anapoijua siri yake. Anaumia kwa kufichwa, kisha polepole anaona kuwa rafiki yake ni yuleyule. Hapo nililia, Asha. Kwangu kurasa zile zina uzito kuliko mapigano yote, na kijana aliyelelewa kwa ajili ya kiti cha enzi kukiacha kunatoka humo humo, hakukuja ghafla kama unavyodai.

Zisome tena, kisha uniandikie. Behemoth nacho, kile cha pili, mpe kijana wa boti akija tena. Mdogo wangu kamaliza kitabu cha kwanza, na kila siku ananiuliza huko Istanbul kutatokea nini.

Wako,
Maryam