Saa Sita Mombasa: Usizimalizie Barabarani

Wateja wengi wanaoingia ofisini kwetu hapa barabara ya Tom Mboya, Nairobi, hawaendi Mombasa kukaa. Wanapita tu. Huyu anashuka na treni ya usiku na ndege yake ya Zanzibar ni alasiri. Yule ana shughuli ya asubuhi bandarini, na jioni anarudi Nairobi. Wote huuliza swali moja: hapo katikati nifanye nini? Na wengi huwa wameshajijibu wenyewe: niende nikaogelee.

Tunakuomba ulifikirie tena jibu hilo. Stesheni ya Madaraka Express, treni ya Nairobi na Mombasa, iko Miritini, upande wa bara. Kutoka huko unapita Changamwe na Makupa ndipo uingie kisiwani, kisha uvuke daraja la Nyali kwenda fuo za kaskazini, au, ukielekea kusini kupitia kisiwani, upange foleni ya feri Likoni. Halafu njia hiyo hiyo urudi nayo. Nilijaribu mwenyewe na wanangu wawili. Watoto walichezea maji nusu saa tu, tukaanza kurudi, tukakwama darajani. Treni iliondoka tukiwa bado Changamwe, binti yangu amelala mapajani mwangu, mchanga umemgandia miguuni. Tiketi zikaenda hivyo, na usiku ule tukatafuta chumba ambacho hatukukipanga. Tangu hapo, mteja mwenye saa tano au sita namshauri asivuke maji. Abaki kisiwani, na ikiwezekana abaki Mji wa Kale.

Lakini kwanza mzigo. Sanduku ndilo linaloharibu matembezi ya wengi kuliko hata jua. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, na kuburuta begi la magurudumu humo ni adhabu. Hapa ndipo huduma yetu inapoanza: dereva tunayefanya naye kazi anakupokea stesheni au uwanja wa ndege, mzigo wako unapewa risiti na kuhifadhiwa, wewe unabaki na maji, simu na kitambulisho.

Ukishuka na treni inayoondoka Nairobi saa nne usiku, unafika kabla hakujapambazuka. Usiione ni hasara. Alfajiri ndiyo saa nzuri ya Mombasa, kabla joto halijapanda. Tafuta mahali wanapokaanga mahamri, na usimame karibu na karai. Yanatumbukizwa yakiwa bapa, yanavimba mbele ya macho yako, na ukilipasua moja likiwa moto, mvuke wa iliki unakupanda puani. Ulile na mbaazi za nazi. Hapa Nairobi tunayapika pia, lakini sijaonja mbaazi za hapa zenye tui zito kama lile.

Kutoka hapo nenda Ngome ya Yesu, yaani Fort Jesus, ambayo hufunguliwa saa mbili asubuhi. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waarabu wa Omani waliizingira kuanzia 1696 na kuitwaa 1698, na Waingereza wakaifanya gereza kutoka 1895 hadi 1958. Wageni wengi hukimbilia mizinga wapige picha. Sisi tunakusihi uweke kiganja ukutani. Ni jiwe la matumbawe, lililoumbika baharini, na ukilitazama karibu utaona vijitundu vya viumbe vilivyoishi humo. Kisha panda juu upande wa bahari uone mlango wa bandari ya kale. Hiyo bahari uliyotaka kuifuata mbali iko pale pale chini yako, na upepo wake ni wa bure.

Ukitoka ngomeni ingia Ndia Kuu. Jina lenyewe ni Kimvita: ndia ni njia. Tembea polepole uangalie milango ya nakshi na roshani za mbao zilizoning'inia juu ya njia, hadi ufike Msikiti wa Mandhry, ambao umekuwapo tangu 1570 na bado watu wanaswali humo. Vaa nguo za heshima, na usimpige mtu picha kabla hujamwomba. Ukisikia vikombe vinagonganishwa, huyo ni muuza kahawa. Kahawa tungu kikombe kidogo, na kipande cha kashata pembeni. Keti barazani unywe, usalimiane na watu. Mimi hapo huacha kutazama saa, ndiyo maana namwachia dereva aitazame kwa niaba yangu.

Kama unafika na treni ya asubuhi, utashuka mchana jua likiwa kali. Mji wa Kale uende baadaye kidogo, na jioni ukamalizie Lighthouse, pale kando ya bahari kisiwani, kwa dafu na mihogo ya kukaanga iliyonyunyiziwa pilipili na ndimu. Ijumaa adhuhuri maduka mengi ya Mji wa Kale hufungwa kwa ajili ya swala, kwa hiyo panga matembezi kabla au baada ya hapo.

Hesabu ya kurudi tunaifanya kuanzia mwisho. Stesheni kuna ukaguzi: mizigo inapangwa chini kwa mstari, mbwa wanainusa, kisha inapita kwenye mashine. Tunataka uwe getini saa nzima kabla ya treni kuondoka, na kuelekea Miritini tunatenga saa moja na nusu, hata siku ambayo barabara inaonekana nyeupe. Kwa treni ya saa tisa alasiri, maana yake saa sita na nusu uwe garini. Wateja wengine hunung'unika hapo, wakisema bado mapema. Nawaelewa, lakini sitabadilisha.

Ukishakata tiketi, pita ofisini au tutumie ujumbe wenye mambo matatu: saa ya kufika, saa ya kuondoka, na idadi ya mabegi. Ukisafiri na mzee au mtoto mchanga tuambie pia, tukutafutie tuktuk ya kuwafikisha karibu na ngome wasitembee juani.