Waandishi wa riwaya, mtafuteni mhariri kabla ya kwenda kwa mpiga chapa

Kwa Mhariri,

Mimi nauza vitabu hapa Nakuru na hii maneno imenikaa rohoni kitambo. Kila mara kuna kijana anaingia dukani na katoni ya riwaya yake, amejichapishia mwenyewe, anaomba nimuwekee nakala chache kwa rafu, na kusema ukweli huwa nafurahi sana juu watu wetu wana hadithi, wanajua vile watu huongea sokoni na kwa matatu, shida ni kwamba nikifungua kurasa za kwanza tu naona hakuna mtu mwingine aliyekisoma hicho kitabu kabla kichapishwe.

Chukua mfano huu. Msichana anapanda matatu Kisumu kuenda Busia kumzika babake, halafu gari inapita mjini Kakamega, na barabara ya Busia haipiti huko. Sasa msomaji wa Maseno ama Yala, ambaye gari za Busia zinapita mlangoni kwake kila siku, hapo hapo anaacha kumwamini mwandishi, hata yale ya ukweli yanayofuata hayamwingii. Mbele kidogo yule baba aliyezikwa sura ya pili anapiga simu sura ya sita kuuliza kama karo imelipwa, na si ati ni mzuka, mwandishi alisahau tu. Msichana mwenyewe alianza akiitwa Akinyi akamaliza akiwa Atieno. Na hadithi ilikuwa tamu! Iliniuma sana, juu wale walionunua hawajawahi kurudi kuulizia kingine cha huyo mwandishi.

Ukiuliza nani alihariri unaambiwa mwalimu wetu wa Kiswahili aliipitia. Walimu nawaheshimu, lakini kusahihisha insha ni kazi ingine. Mwalimu atakuonyesha ngeli na tahajia, mhariri wa riwaya atakuuliza mbona huyu mama ameachana na bwanake na hatujawaona wakikosana hata siku moja, mbona sura nzima ya kwanza ni kueleza kijiji na mambo yenyewe yanaanza sura ya pili, na huyu shangazi ako humu kufanya nini. Hayo yakikaa sawa ndio anaingia sentensi moja moja, halafu mwisho kabisa kuna wa kusoma prufu, anaangalia nukta na herufi. Ukianza na hiyo ya mwisho unapaka rangi nyumba yenye ukuta umepasuka.

Hata wakubwa walihaririwa. Harper Lee wa Marekani alipeleka mswada wake mwaka wa 1957, mhariri wake Tay Hohoff akaona utamu uko kwa zile sehemu za utotoni, akamwambia arudi aandike upya, na kitabu kilipotoka 1960 kilikuwa kingine kabisa, mwaka uliofuata kikashinda tuzo ya Pulitzer. Na hapa kwetu tulikuwa na Henry Chakava, mtoto wa Vihiga, aliyeingia kampuni ya vitabu ya Heinemann Nairobi 1972 kama mhariri akasimamia vitabu vya Ngũgĩ wa Thiong'o hata wakati kufanya hivyo kulikuwa hatari. Aliaga 2024, na ni wasomaji wachache sana wanaomjua.

Najua mtasema pesa. Lakini mimi naona mtu akilipa dezaina wa kava, akilipa mpiga chapa, siku ya uzinduzi hema, viti, spika, soda na fulana zenye jina la kitabu, na mhariri hakuwekewa hata shilingi moja. Acha fulana, punguza nakala. Kama mfuko umekauka kabisa, mwombe akusomee mswada na akuandikie maoni tu, hiyo huwa nafuu kuliko kuhariri kitabu chote. Mpe kwanza kurasa chache muone kama mnaelewana, bei na siku ya kumaliza ziandikwe. Na akikwambia kitu cha kuuma usimkasirikie, si lazima ukubali yote, kitabu ni chako, ila tulia siku kadhaa kabla hujamjibu.

Ombi langu kwa gazeti lako ni mtupe nafasi, wahariri wa Kiswahili walioko huku Nakuru, Kisumu, Kakamega na Eldoret watangaze wanahariri nini na wanatoza ngapi kwa ukurasa, manake vijana wakiniuliza mhariri anapatikana wapi wengi wanadhani lazima waende Nairobi. Orodha ikitoka nitaibandika hapa kaunta.

Muuza vitabu,
Nakuru