Chapeni njia, si majibu matupu

Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa hisabati na msomaji wa gazeti lako. Naomba nafasi niseme jambo kuhusu ukurasa wa mazoezi. Maswali yenyewe ni mazuri, sina ubishi nayo. Kinachonisumbua ni majibu: namba tupu, bila hata mstari mmoja unaoonyesha zilikotoka.

Mwanafunzi wangu mmoja alikokotoa 10 − 4 + 3 akapata 3. Gazeti lilisema 9, naye akaamini kabisa kwamba gazeti limekosea. Nilimwomba anionyeshe alivyofanya. Kumbe alifuata MAGAZIJUTO (Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa) herufi kwa herufi: kujumlisha kunatangulia kutoa, kwa hiyo 4 + 3 ni 7, na 10 kutoa 7 ni 3. Mtoto huyu si mzembe. Ametii kanuni aliyokaririshwa, ila hakuambiwa kwamba kujumlisha na kutoa vina daraja moja, na hufanywa kwa kufuatana kutoka kushoto kwenda kulia. Kugawanya na kuzidisha navyo ni hivyohivyo. Kama pangechapwa tu 10 − 4 = 6, halafu 6 + 3 = 9, angeliona kosa lake bila kunisubiri mimi.

Kwenye aljebra hasara ni kubwa zaidi. Wakipewa 5x = 20, wengi huandika x = 20 − 5, yaani 15, kwa kuwa wamezoeshwa kusema "namba ikivuka inabadili ishara". Hakuna namba inayovuka popote! Tunafanya tendo lilelile pande zote mbili. Hapa 5 inazidisha x, basi tunagawanya kila upande kwa 5, tunapata x = 4. Kisha tunairudisha kwenye mlinganyo: 5 mara 4 ni 20, sawa. Huo uhakiki nao uchapwe, maana aliyepata 15 angejionea mwenyewe kuwa 5 mara 15 ni 75.

Mwanahisabati wa Wales, Robert Recorde, alipoileta alama ya = mwaka 1557, alichagua mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja, kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Leo watoto wanaandika 15 + 6 = 21 × 2 = 42, kana kwamba 15 + 6 ni 42. Kila hatua ikiwa na mstari wake, zoea hilo litakoma.

Jiometri nayo isisahaulike. Mstatili una mzingo wa sentimita 36, na urefu wake ni mara mbili ya upana, tafuta eneo. Upana ukiwa x, urefu ni 2x. Hapo ndipo wengi huandika 3x = 36, wakiwa wamehesabu pande mbili tu badala ya nne. Mchoro mdogo wenye x, 2x, x, 2x pembeni unatosha kuwaonyesha kwamba 6x = 36. Upana ni 6, urefu 12, eneo sentimita za mraba 72.

Najua nafasi ya gazeti ni finyu. Basi punguzeni maswali. Matano yenye njia kamili, na sababu fupi kando ya kila hatua, yatanisaidia darasani kuliko ishirini yenye majibu peke yake.

Mwalimu wa hisabati