Tamathali zichambuliwe, zisitajwe tu

Mhariri,

Wanafunzi wengi wa shule za upili hapa Kisumu hukariri orodha ndefu ya tamathali za usemi, yaani maneno yanayotumiwa kwa ufundi kupita maana yake ya kawaida, lakini wakipewa dondoo wanakwama. Lawama ni yetu walimu. Tunawapa fasili, mifano miwili mitatu, kisha mtihani.

Chukua tashbihi. Mwanafunzi ameambiwa atafute “kama” au “mithili ya”. Akikutana na “Kama mvua itanyesha, matatu hazitafika Kondele”, anaandika tashbihi. Hilo ni sharti tu, hakuna kinacholinganishwa. “Aliajiriwa kama karani” nayo inataja cheo. Tashbihi ni “Otieno anakimbia kama swara”, kwa kuwa viumbe wawili tofauti wamefananishwa kwa sifa moja, wepesi. Ukisema “Otieno ni swara uwanjani”, umeingia katika sitiari, yaani kulinganisha bila neno la kulinganishia.

Tashihisi nayo huonwa mahali isipokuwepo. “Upepo ulivuma ziwani” ni maelezo ya kawaida, maana kuvuma ndiyo kazi ya upepo. Lakini “Ziwa lilinuna, likawanyima wavuvi hata omena” limepewa hulka ya binadamu.

Kinaya na kejeli huwatatiza hata walimu. Afisa anayehubiri usafi wa ziwa akimwaga taka humo usiku, hicho ni kinaya: hali imekwenda kinyume na matarajio. Mvuvi akimwambia, “Hongera, bwana afisa, ziwa linameremeta!”, hiyo ni kejeli, kwani maneno yamekusudiwa kumdunisha. Mbinu rejeshi (kurudi nyuma katika hadithi), sadfa (matukio kukutana bila kupangwa) na taharuki (hamu ya kujua kitakachofuata) zinahusu mpangilio wa matukio. Swali likitaka tamathali, zikae kando.

Kwa maandalizi ya Karatasi ya Tatu (Fasihi) ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya upili, nawasihi walimu wenzangu wadai jina la tamathali, maneno yenyewe yaliyonukuliwa, na kazi yake katika dondoo hilo. Hili la mwisho ndilo hukosekana zaidi. “Imetumika kumvutia msomaji” ni jibu tupu, maana laweza kubandikwa popote. Kuhusu ziwa lililonuna, mwanafunzi aseme kwamba tashihisi inadhihirisha unyonge wa wavuvi: riziki yao iko mikononi mwa asiyeweza kushawishiwa.

Zoezi la kuanzia halihitaji hata kitabu. Mwalimu aandike ubaoni sentensi sita zenye “kama”, mbili tu ziwe tashbihi, na wanafunzi waeleze kwa nini zile nne si tashbihi.

Mwalimu wa Kiswahili,
Kisumu